Alihukumiwa Miaka, Hakuhukumiwa Mapafu

"Nimeandikwa na mtu asiyekujua. Ukienda hospitali, mimi nimeshafika kabla yako. Mimi ni nani?"

Kitendawili hicho alinitegea mjukuu wangu Evans kwenye chumba cha wageni cha jela, ofisa mmoja akiwa ameegemea ukuta anatuangalia kama vile tunapanga kutoroka. Nilijaribu barua, nikajaribu kivuli, nikajaribu mshahara wa mtu mwingine. Nikashindwa, nikampa mji. Nilimpa Bukoba nzima pamoja na soko lake. Akasema Bukoba haitaki, anataka Kingsbury, mtaa wetu wa London, maana ndiko kiliko kitanda chake. Basi nikampa Kingsbury.

"Faili langu, Bibi," akasema.

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Maana mtoto alikuwa amenieleza shida yake yote bila kulalamika, na mimi ndiye niliyemfundisha kutolalamika.

Evans ana ugonjwa wa seli mundu tangu azaliwe. Chembe zake za damu hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na siku zikikwama ni maumivu ambayo sijui niyafananishe na nini. Mimi nimezaa watoto watano na sijaumia hivyo. Nilimlea tangu ana miezi minne, mama yake, binti yangu Blandina, alipotangulia kuja London kutafuta kazi. Nikamleta huku mwenyewe akiwa na miaka minane. Najua kumnywesha maji mengi, kumfunika, kumpima joto kila saa, na kuita gari la wagonjwa kabla midomo haijageuka rangi.

Alifungwa kwa kosa lake, sikatai. Alimpiga mtu kwa kiti kwenye baa moja huko Southall, yule mtu akavunjika taya. Siku jaji alipompa miaka mitatu nilikuwa nimekaa nyuma, na nilisema moyoni: haki yake. Lakini nilimsikiliza yule jaji mpaka mwisho. Alisema miaka. Mapafu hakuyataja.

Mwezi wa pili wa kifungo, Novemba, damu ikakwama. Muuguzi wa jela akaja mlangoni siku ya kwanza, akamtazama akijikunja kitandani, akaenda kuandika kwenye komputa: "Anajifanya mgonjwa ili apewe dawa kali." Siku nne alilala pale na panado. Siku ya nne akaanguka bafuni hawezi kupumua, ndipo walipompeleka hospitali, na huko alipumua kwa mashine siku tisa. Alipona, ila mapafu yamebaki na makovu. Na lile neno limebaki kwenye faili. Kila akiumwa, muuguzi mpya anafungua komputa, analisoma, anamkatia panado mbili. Tulipoamua kwenda mahakamani alikuwa bado ana miezi kumi na minne ndani. Kwa hesabu yangu ya bibi, kabla ya miezi hiyo kuisha damu ingekwama tena, na wangelisoma tena lile neno, na safari hiyo wangeniletea jeneza.

Ndiyo maana tukaishtaki kampuni inayotibu wafungwa wa jela ile. Tulitaka mahakama iseme kwa maandishi kwamba walivunja haki yake kama binadamu, na kwamba neno lile ni la uongo, lifutwe.

Wakili wetu alikuwa Lila, ofisi yake iko juu ya duka la vitamutamu pale Kingsbury Road, ukipanda ngazi unanusa samli mpaka unasahau shida iliyokupeleka. Wazazi wake walitoka Mwanza, kwa hiyo anazungumza Kiswahili cha dukani: kifupi, cha haraka, hakina mzaha. Wiki moja kabla ya kesi alituita, mimi na Blandina, akaweka karatasi mezani.

"Wenzetu wa upande wa kampuni wameleta hii jana. Kumbukumbu ya muuguzi, tarehe kumi na saba Novemba. Siku ya tatu." Akasoma: "Nimempigia bibi yake. Amesema hajambo."

Blandina akanigeukia. "Mama, ulisema hivyo?"

Nilikuwa nimesema. Siku ile Evans alinipigia simu sauti yake imekatikakatika, nikaipigia jela namba ya familia zenye wasiwasi, nikaacha ujumbe. Baadaye muuguzi akanipigia. Akauliza, mjukuu wako alikuwaje ulipozungumza naye? Nikajibu kwa Kiingereza changu: hajambo, namshukuru Mungu. Akasema vizuri sana, asante kwa kutujulisha, akakata. Nilibaki na simu sikioni. Nikapiga tena mara tatu, ikapokea mashine.

"Wewe ndiye uliyewapigia kwamba anaumwa," Blandina akasema, "halafu wanakuuliza unasema hajambo?"

"Nilikuwa ndiyo kwanza naanza."

"Yule muuguzi mwenyewe hakumbuki, ameandika hivyo kwenye maelezo yake. Si kweli, Lila? Basi na Mama asikumbuke. Mtu wa umri wake, nani atamshangaa?"

Lila akakusanya karatasi zake. "Mimi sikusikia hilo. Na sitamwambia shahidi aseme nini. Nitamwambia aseme kweli, kisha niombe Mungu."

Tulirudi nyumbani. Mlangoni Blandina akasema, "Neno lako moja litamzamisha." Ni mwanangu, na ananijua pa kunichoma.

Kesi ilisikilizwa siku tatu, katikati ya jiji. Tulipanda treni ya Jubilee mpaka Bond Street, tukabadilisha, tukashuka Holborn, mimi na kikapu cha maandazi, maana sijawahi kwenda kwa watu wazito mikono mitupu. Kwenye korido nikaona mwanamke wa Kihindi wa miaka kama hamsini, koti jeusi, anasoma. Akainua macho, akanitazama, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Baba ni wa Moshi."

Nilikuwa nimeshafungua kikapu, Lila akaja mbio, kanishika mkono kama askari, kanipeleka pembeni.

"Yule ni Daktari Nishma, bingwa wa magonjwa ya damu. Huyo si wetu, mama."

"Si wetu vipi, na sisi ndio tuliomwita?"

"Tumemwita, ila kiapo chake ni kwa jaji. Kazi yake ni kusema anachokijua, kitupendeze kisitupendeze. Wakiwaona mnakula maandazi pamoja, ushahidi wake umekwisha."

"Kwa hiyo tumemleta mtu wa kutusema vibaya?"

"Akitaka."

Nilifunga kikapu. Blandina alikula mawili kwa hasira.

Siku ya kwanza alizungumza Evans, kutoka jela, kwa njia ya televisheni kubwa iliyowekwa pembeni mwa jaji. Jaji alikuwa mwanamke mwenye miwani ya kamba. Muuguzi naye alitoa ushahidi, msichana mdogo kuliko nilivyomfikiria, akasema wafungwa wengi hujifanya na simu ile haikumbuki. Siku ya pili wakaniita mimi.

Mkalimani wangu alikuwa Talib, Mzanzibari, kijana nadhifu, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Nilipopanda kizimbani akaninong'oneza, "Bi mkubwa, sema kwa vituo, usinimwagie pakacha zima." Nikamwambia ajitayarishe kuokota.

Wakili wa kampuni alikuwa mrefu, sauti laini, kama mtu anayembembeleza paka ashuke juu ya mti.

"Bi Gaudensia, tarehe kumi na saba Novemba muuguzi alikupigia simu?"

"Alinipigia."

"Akakuuliza hali ya mjukuu wako?"

"Akaniuliza."

"Ulimjibuje?"

Nilimwona Blandina kule nyuma. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi asiyetaka kumuudhi. Neno "sikumbuki" lilikuwa limeshaiva mdomoni, kulitema tu. Nikamtazama na Evans kwenye televisheni. Yule mtoto wameandika uongo juu yake, na mimi nimekuja kuufuta uongo. Nitaufuta na uongo wangu? Basi tofauti yangu na yule muuguzi iko wapi?

"Nilimwambia hajambo, namshukuru Mungu."

Talib alisubiri kidogo, kama ananipa nafasi ya kulirudisha. Kisha akatafsiri. Blandina akainamisha kichwa.

"Asante kwa ukweli wako," wakili akasema, na tabasamu juu. "Kwa hiyo hata wewe, unayemfahamu kuliko wote, ulimhakikishia muuguzi kwamba mjukuu wako anaendelea vizuri."

"Hapana. Sikuwa nimemaliza."

"Lakini ulisema."

"Nilianza. Kwetu ndivyo tunavyoanza. Mtu akikuuliza habari humtupii mzigo kichwani. Unampokea kwanza: nzuri, salama, tunamshukuru Mungu. Halafu ndipo unasema ila. Ila mtoto anaumwa. Ila nyumba imeungua. Hata msibani, jeneza liko sebuleni, mgeni akiuliza habari za hapa tunamjibu nzuri. Muuguzi alichukua salamu, akakata simu. Habari yenyewe nilibaki nayo mimi."

Talib alitafsiri huku paji la uso linatoka jasho. Nadhani pakacha lilikuwa limemwagika.

"Hata hivyo," wakili akasema, "huwezi kutegemea muuguzi wa Kiingereza ajue desturi za Bukoba."

"Sikumtaka ajue desturi za Bukoba. Nilimtaka ashike kipimajoto."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kwa namna ya kucheka. Wakili akageuza ukurasa. Lakini jaji alikuwa hatutazami sisi, alikuwa anaitazama televisheni. Evans alikuwa amekaa upande, tako moja juu ya kiti na mkono ubavuni.

"Bwana Evans," jaji akauliza, "uko sawa hapo? Unahitaji mapumziko?"

"Niko sawa, mheshimiwa. Asante sana," Evans akajibu.

"Hiyo hapo," nikasema. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu.

Wakili alisimama kupinga. Jaji akamwinulia kiganja, akanigeukia. "Ipi hiyo?"

"Umemwuliza, naye amekurudishia salamu. Mimi ndiye niliyemlea hivyo. Sasa mwulize tena."

Alinitazama juu ya miwani muda mrefu mpaka Talib akaanza kurekebisha tai yake. Kisha akageukia televisheni.

"Bwana Evans, maumivu yako, kwa kumi, ni ngapi?"

"Nane, mheshimiwa. Tangu jana mchana."

"Umepewa nini?"

"Panado mbili."

Jaji aliweka kalamu chini. Akasema aliyoyasikia sasa hivi si ushahidi wa yaliyotokea Novemba, na hatayatumia hivyo, kila mtu aelewe. Akasema vilevile kwamba mahakama inapumzika, na haitarudi mpaka aambiwe daktari amemwona huyu mtu na amempima nini. Akauliza jina la ofisa aliyekuwa pamoja na Evans kwenye kile chumba, akaliandika. Nilipenda alivyoliandika, polepole, herufi moja moja.

Kwenye korido Blandina alinijia. Nilidhani anakuja kunigombeza.

"Mama, umemjibu yule mwanaume kama unamfukuza kuku jikoni."

"Umekasirika?"

"Bado kidogo," akasema. Akaniwekea koti mabegani.

Jaji alipoletewa habari kwamba daktari amemwona Evans na kumpima, kesi ikaendelea, na siku ya tatu ikawa ya madaktari. Daktari Nishma aliapa, akakaa, na wala hakututupia jicho. Wakili wa kampuni akamuanza na nyonga, maana Evans nyonga yake ya kulia imekufa mfupa, na sisi tulidai imekufa kwa zile siku nne.

"Daktari, kuna picha ya nyonga hiyo ya miaka miwili kabla hajafungwa?"

"Ipo."

"Inaonyesha nini?"

"Mfupa ulikuwa umeshaanza kufa. Ni kawaida kwa ugonjwa huu. Siwezi kusema jela ndiyo iliyoiharibu nyonga yake."

Nikamvuta Lila mkono. "Anatuuza."

"Msikilize," Lila akasema, naye uso umempauka.

"Na mapafu?" wakili akauliza, kama mtu aliyeonja asali na sasa anataka mzinga.

"Mapafu ni jambo jingine." Daktari akafungua karatasi. "Hii ni fomu ya uchunguzi ya zile siku nne. Mstari wa joto la mwili, mtupu. Mstari wa oksijeni, mtupu. Mapigo ya moyo, yamepimwa mara moja. Mgonjwa wa seli mundu mwenye maumivu ya kifua, oksijeni ikianza kushuka, una saa chache. Akipewa maji ya mshipa, oksijeni na dawa ya maumivu mapema, kwa maoni yangu asingefika kwenye mashine, na makovu yale asingekuwa nayo."

"Lakini familia ilisema anaendelea vizuri. Bibi yake amekiri hapa."

"Nimemsikia. Bibi yake alikuwa Kingsbury. Muuguzi alikuwa mlangoni pake." Akavua miwani. "Mgonjwa mwenyewe akiniambia anajisikia kucheza ngoma, bado nitampima. Neno la mtu linanifungulia uchunguzi, halinifungii. Kama bibi angekataa kwamba alisema, maoni yangu yangekuwa haya haya. Amekubali, na bado ni haya haya."

"Muuguzi alikuwa na sababu za kuamini anajifanya."

"Ninayo majibu ya damu yaliyochukuliwa alipofika hospitali. Chembe zilikuwa zimevunjika kwa siku kadhaa, si kwa saa. Mtu anaweza kujifanya uso. Damu haiwezi kujifanya."

Daktari wa kampuni alipofuata, mzee mpole aliyesoma faili tu, alisema mengi kuhusu jinsi kazi za jela zilivyo ngumu. Jaji alimwuliza swali moja: yeye angeiacha ile mistari mitupu? Alikunywa maji. Akasema asingeiacha.

Jumapili Evans alipopiga simu nikamtegea kipya. "Huyu anamlisha, yule anamwogopa, naye hamtumikii yeyote kati yao." Akashindwa, akanipa Southall, nikaikataa kwa sababu ya ile baa. Nikamwambia ni shahidi daktari. Akasema kwa Kiingereza kwamba kitendawili changu ni kigumu mno, nikamwambia na mimi kilinichukua siku tatu.

Hukumu ilitoka baada ya wiki tano. Nyonga tulishindwa. Mapafu tulishinda. Jaji aliandika kwamba daktari aliyekubali lile linaloumiza upande uliomwita ana haki ya kuaminiwa katika mengine; kwamba kumwacha mgonjwa siku nne bila kupimwa kulivunja haki zake za kibinadamu; na kwamba maneno ya kujifanya hayana msingi wowote wa kitabibu, yasahihishwe kwenye faili. Ukurasa wa thelathini na moja. Blandina alinisomea, nikamwambia arudie, akarudia.

Wiki tatu zikapita. Evans akapiga simu: neno bado lipo. Lila ameandika barua mara mbili, wamejibu wanalishughulikia.

Basi nilipanda basi mwenyewe mpaka jela, Jumanne, na hukumu yote mkobani pamoja na barua ya idhini yenye sahihi ya Evans. Dirishani pa wageni ofisa akasema hapokei karatasi, nitume kwa posta.

"Zimeshatumwa kwa posta. Namtaka mkuu wa matibabu."

"Ana kazi, my love."

"Na mimi ninayo. Ndiyo hii."

Nilikaa kwenye kiti kilicho mbele kabisa ya dirisha. Wanawake waliokuja kuona watu wao wakaanza kuniuliza, nikawa nawasomea ukurasa wa thelathini na moja, kila aliyeuliza. Mmoja, Mjamaika mwenye kofia, aliniomba nirudie ili awatafsirie wenzake kile Kiingereza cha jaji. Baada ya saa mbili ofisa akanyanyua simu.

Alikuja mwanamke mwenye kitambulisho shingoni. Akasema kuna utaratibu.

"Utaratibu wenu naujua," nikasema. "Ulichukua siku nne."

Alichukua karatasi. Akasoma, akatazama foleni ya wanawake nyuma yangu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama kwingine, akaingia ndani. Nilisubiri dakika arobaini. Akarudi na ukurasa mmoja umechapwa, akataka kunipa.

"Nisomee," nikamwambia.

"Unaweza kusoma nyumbani."

"Naweza. Nisomee hapa."

Akasoma, mwanzo kwa sauti ya chini, Mjamaika akamwambia hatusikii huku nyuma, akapandisha. Maneno ya awali yameondolewa kwa hukumu ya mahakama. Mgonjwa ana seli mundu. Akilalamika maumivu, apimwe joto na oksijeni papo hapo, na hospitali ipigiwe simu.

"Hujasoma tarehe," nikasema.

Akasoma tarehe.